Kugonga Kabla ya Zamu

Sura ya Sita

Saa nne asubuhi mkuu wa chuo alikuwa ameshavaa suti ya sherehe, na Inspekta akamchukia kwa hilo peke yake.

"Afande, wageni wanaanza kuingia saa nane," mkuu alisema. "Saa tisa pazia linafunguliwa. Nilidhani kazi yenu hapa ukumbini ilikwisha jana, mlipomkamata yule kijana."

"Kijana tunaye. Msichana hatujampata."

"Sasa msichana mtampata kwenye viti vyangu?"

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na alikuwa amejifunza kwamba mtu anayekuharakisha si lazima awe na siri. Mara nyingi ana wageni tu. Akampita, akaingia. Nyuma yake koplo wake alifuata akihema, tumbo mbele, fomu za upekuzi kwapani. Koplo alibakiza miezi minne astaafu, na kila hatua aliyopiga ilikuwa ya mtu anayehesabu siku.

Jukwaani wanafunzi walikuwa wakipita huku na huko na pini midomoni, wamevaa magauni na makoti ya zama za mababu. Katikati yao ilisimama nyumba ya mbao ya ghorofa moja, nzito, imepakwa rangi ikafanana na mawe. Hiyo ndiyo nyumba ya baba wa kambo. Igizo lenyewe lilikuwa la nyimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi walilitunga kutokana na riwaya ya zamani ambayo kila aliyepita shule aliisoma, kwa hiari au kwa kiboko: binti yatima anafungiwa na baba wa kambo kwenye ghala lililo chini ya nyumba, asije akaiambia mahakama alichokiona. Siku tatu binti anagonga. Siku tatu majirani wanasema ni panya.

Binti huyo alikuwa aigizwe na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeitwa na wote Chiriku, kwa sauti yake. Alhamisi saa sita na nusu mchana Chiriku aligombana na mwalimu wa muziki, akaondoka mbele za watu, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Leo ilikuwa Jumamosi. Nafasi yake alishapewa msichana mwingine.

Mkoba wake ulipatikana umetundikwa chumba cha kuvalia. Ndani mlikuwa na funguo, kitana, na kichupa cha dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Kichupa hicho sasa kilikuwa mfukoni mwa Inspekta, kwenye mfuko wa kielelezo uliopigwa lakiri. Daktari alimwambia jana: "Siku mbili bila dawa, mahali safi, atasumbuka. Mahali penye vumbi, usiniulize, afande."

Kuhusu kijana, mambo yalikuwa hivi. Mwalimu alikuwa na sheria yake: kila anayeingia mazoezini hutumbukiza simu yake kwenye ndoo ya bluu, anaichukua akitoka. Alhamisi jioni simu ya Chiriku haikuwamo ndooni. Ijumaa ilikutwa kwenye begi la kijana mwenye sauti nzito aliyeigiza mchumba wake, ambaye kwa sauti hiyo aliitwa Besi. Besi alikiri kuichukua. Alitaka kujua ni nani anayemwandikia Chiriku kila usiku. Zaidi ya hapo alilia tu.

"Kosa lake ni wivu," Inspekta alimwambia bosi wake kwenye simu asubuhi ile.

"Na wivu ndio unaoua," bosi alijibu. "Dalili ya mvua ni mawingu. Ikifika saa nane nataka maelezo yake ya kukiri mezani."

Kwa hiyo Inspekta alikuwa na saa nne, na hakuamini hata kidogo kwamba Besi ana la kukiri.

Kwenye safu ya kwanza alikaa mzee mmoja aliyevaa aproni ya useremala. Alikuwa seremala wa chuo, na alikuwa mjomba wa Chiriku. Dada yake alipofariki alimchukua mtoto akiwa na miaka minne, akamlea. Tangu Alhamisi jioni hakuwa ameonja kitu zaidi ya maji, wala kuivua aproni ile. Alipomwona Inspekta alisimama haraka mno, akayumba, akashika kiti.

"Mama, amesema?"

"Bado."

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. Miaka thelathini ya msumeno wa umeme ilikuwa imeyala masikio yake, na ulipaswa kusema naye kama mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Bado!" Inspekta alirudia kwa nguvu. Wanafunzi wawili jukwaani wakageuka.

"Nipeni mimi nimuulize. Dakika tano, mama. Sitamgusa."

"Haiwezekani, mzee wangu!"

"Basi mwambieni hivi." Alimshika Inspekta mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu. "Mwambieni, hata kama amemuua, mimi simtukani. Aseme tu alipo nikamchukue. Mtoto wa dada yangu asilale nje siku ya tatu. Nitamjibu nini dada yangu?"

Inspekta alikuwa amezoea vilio, lakini hiki kilimchoma. Akamkalisha mzee taratibu, akaenda kumtafuta mwalimu wa muziki kwa hasira ambayo mwalimu hakuistahili yote.

Alimkuta akimpigia kelele mpiga kinanda.

"Ugomvi wa Alhamisi," Inspekta alisema. "Tena, tangu mwanzo."

"Afande, jana nimekueleza. Nilimwambia anaimba wimbo wa ghalani kama mtu aliyealikwa chai. Ni kweli, lakini. Sauti nzuri, kifungo hakuna. Akakasirika akaondoka."

"Akasema nini?"

"Akasema anaondoka."

"Kwa maneno gani? Mimi nataka maneno yake. Maana yake nitaitafuta mwenyewe."

Mwalimu alipapasa kipara chake. "Nani anakumbuka maneno, afande? Muulize Kengele. Yule huandika hata mtu akipiga chafya."

Kengele alikuwa msichana mwembamba, penseli imechomekwa kwenye nywele, filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa kuendesha jukwaa: nani aingie, taa gani iwake, mlio gani usikike na wakati gani. Kila kitu alikiandika kwenye daftari kubwa la jalada jekundu, kwa dakika. Wenzake walisema huenda nalo hata msalani. Inspekta alilipokea kama mtu aliyepewa chakula. Alipenda karatasi za watu wengine. Karatasi haioni haya, alikuwa akisema. Kila ilichoambiwa inakitunza, hata kama haijakielewa.

"Kwanza Besi," alisema. "Alhamisi alikuwa wapi kila dakika?"

Kengele alionyesha kwa kidole. "Mapumziko yalianza saa sita na nusu. Mpaka saa saba na dakika ishirini Besi alikuwa kwa fundi cherehani, koti lilikuwa linambana. Fundi mwenyewe alinituma pini. Saa saba na dakika arobaini na tano alikuwa jukwaani, na hakushuka mpaka saa kumi na moja."

"Dakika ishirini na tano zimebaki."

"Alikula. Nilikuwa naye meza moja. Alinimalizia soda yangu."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana mliniuliza nilimwona Chiriku mara ya mwisho lini. Besi hamkuniuliza."

Koplo alikohoa. Ilikuwa kweli, na aliyeuliza alikuwa yeye.

Mlinzi wa lango alishaapa kwamba Alhamisi mchana hakutoka msichana yeyote, kwa miguu wala kwa gari. Kama Besi hakuwa na nafasi na lango halikufunguka, basi Chiriku alikuwa bado ndani ya uzio wa chuo. Bweni lilipekuliwa mara mbili. Maktaba, jiko, vyoo, tangi la maji juu ya paa, kote koplo alikuwa ameweka alama ya vema.

"Soma ugomvi," Inspekta alisema.

Kengele alisoma. "Saa sita na nusu. Mwalimu: unaimba kama mtu aliyealikwa chai. Chiriku: basi ngoja nikakae gizani nijue kukoje. Ameondoka. Watu wamecheka kidogo."

"Gizani? Gizani wapi?"

"Siku ile umeme ulikatika bwenini tangu asubuhi. Tulijua anakwenda kujifungia chumbani anune. Ndiyo kawaida yake."

Bweni tena. Inspekta alihisi amerudi palepale alipoanzia. Alifunua ukurasa, si kwa kutafuta jambo, ila kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Alhamisi mchana. Mwandiko ulikuwa safi, na maneno ya milio yaliandikwa kwa herufi kubwa.

"9:12. Tukio la tatu. KUGONGA kumewahi! Zamu yake ni tukio la saba. Lakini kuzuri mno, kama kweli. Mwalimu amesimamisha mazoezi, wote tumepiga makofi. Mwambie fundi sauti asiwahi, ila nguvu iwe hiyo hiyo."

"9:40. KUGONGA tena."

"10:25. Tena! Leo fundi sauti hasikii la mtu."

"Huyu fundi sauti," Inspekta aliuliza bila kuinua kichwa, "alikuwa na nini Alhamisi? Mtu wa kukosea mara tatu?"

"Hakosei, kwa kawaida. Siku ile sijui alikuwa na mawazo gani."

Mtu mwenye mawazo siku ile ile msichana anapotea. Inspekta alifunga daftari, akaweka kidole katikati ya kurasa. "Mwite."

Fundi sauti alitoka kwenye kibanda chake nyuma ya ukumbi, kijana mrefu mwenye nyaya begani. Macho yake yalikwepa, na Inspekta akaliona hilo kwa matumaini.

"Alhamisi saa sita na nusu mchana ulikuwa wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini? Na usinizungushe."

"Sikuaga, afande, ndiyo kosa langu. Spika ya nyuma iliungua Jumatano, nikaogopa mwalimu atanila nyama. Nikaipeleka kwa fundi kimyakimya. Nilirudi saa tisa kasoro, nikakaa kwenye mtambo kama vile sikuondoka. Fundi mwenyewe ana risiti, muulize. Spika nimeirudisha leo saa moja asubuhi."

"Inafanya kazi gani hiyo spika?"

"Ya nyuma? Ni ya kugonga tu. Mlio wa ghalani unatokea pale, ili usikike kama unatoka chini ya nyumba."

Inspekta alimtazama. "Rudia."

"Ni ya kugonga tu, afande."

"Leo ndiyo imerudi. Sasa Alhamisi uligongesha nini?"

"Mimi sikugongesha chochote. Si Kengele aliweka mtu nyuma ya nyumba na gogo? Tuliwahi kulizungumza hilo, kwamba spika ikigoma atagonga mtu."

"Sijaweka mtu!" Kengele alisema. "Nilijua ni wewe. Mbona nilikuja kibandani nikakuambia hongera, kugonga kumekubali? Ukaitikia!"

"Hongera huitikiwa. Mtu haulizi ya nini."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakamtazama Inspekta kama watoto waliovunja kitu na sasa wanatafuta wa kumsingizia.

Inspekta alifungua daftari tena. Ijumaa.

"4:05 asubuhi. KUGONGA kumewahi tena. Hafifu. Fundi sauti aongeze. Afande ameomba kelele zipunguzwe, hasikii anachoambiwa."

Aliusoma mstari ule mara mbili. Afande alikuwa yeye. Jana saa nne na dakika tano alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapa akimhoji mwalimu kuhusu ndoo ya simu, na ulisikika mlio fulani kutoka jukwaani, dugu, dugu, dugu, kisha moja peke yake, na yeye aligeuka akasema jamani, hebu punguzeni. Wakapunguza.

"5:30. KUGONGA. Hafifu zaidi. Haifai kwa onyesho."

Baada ya hapo Ijumaa yote haikuwa na kitu. Na leo, "3:20. KUGONGA kwa zamu yake. Safi kabisa."

"Koplo. Chini ya jukwaa. Uliweka alama ya vema."

"Nilikagua, afande. Kuna kamlango pembeni. Niliingia mwenyewe kwa magoti. Viti vibovu na mabango ya zamani."

"Mwisho wake kuna nini?"

"Ukuta wa matofali."

"Na nyuma ya ukuta?"

"Nyuma ya ukuta, afande..." Koplo alitafuta neno. "Si ukuta? Ukuta ni mwisho."

"Shimo," Kengele alisema. "Katikati ya jukwaa kuna shimo. La zamani, limejengewa matofali pande zote. Unaingia kwa juu tu, kuna mfuniko na ngazi. Chiriku alikuwa anashuka humo kuimba wimbo wa ghalani. Jumanne mcheza dansi mmoja aliteguka mguu pale, mkaguzi wa usalama akasema lifungwe. Ndipo tukaweka spika."

"Lilifungwa lini?"

Kengele hakuhitaji kusoma, lakini alisoma, kwa kuwa hakujua kufanya kingine. "Alhamisi. Saa sita na dakika hamsini. Seremala anafunga mfuniko kwa skrubu. Saa saba na robo nyumba ya baba wa kambo imewekwa juu na kupigiliwa." Penseli ilimdondoka kutoka kwenye nywele. "Nimeandika mimi. Iko ukurasa mmoja na ugomvi. Nimeandika mimi mwenyewe, afande."

Inspekta alishaanza kukimbia, akimpigia koplo kelele aite gari la wagonjwa.

Alipiga magoti mbele ya mzee kwenye safu ya kwanza, akasema karibu na sikio lake, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia:

"Mzee! Mfuniko wa shimo ulifunga wewe?"

"Nilifunga. Skrubu kumi na sita, nikaziba kwa lakiri ya mbao, nikapaka rangi. Mkaguzi mwenyewe hakuuona." Kwa mara ya kwanza katika siku mbili uso wake ulichangamka kidogo. Alikuwa anaulizwa kuhusu kazi yake.

"Kabla ya kufunga uliangalia ndani?"

"Tochi iliisha betri. Lakini sifungi kitu bila kuuliza, mama. Niliinama nikaita: kuna mtu huko? Mara tatu niliita. Nikasikiliza. Hakuna aliyejibu. Ndipo nikavuta ngazi, nikafunga."

Mzee alimtazama Inspekta, akamtazama Kengele aliyekuwa amejifunika mdomo kwa daftari, akaitazama nyumba ya mbao jukwaani.

"Hakuna aliyejibu," alirudia, polepole zaidi. Kiganja chake kilikuwa bado nyuma ya sikio. Kikashuka kidogo kidogo mpaka kikalala mapajani.

Kisha alipanda jukwaani kwa namna ambayo mzee wa umri wake hapandi, bila ngazi, kwa tumbo na viwiko.

"Afande, seti haiguswi!" mkuu wa chuo alipiga kelele kutoka mlangoni. "Wageni..."

"Shika kona ile," Inspekta alimwambia, "au nikushike wewe."

Mkuu alishika kona. Walikuwa watu kumi na wawili: mwalimu, wacheza dansi na magauni yao, fundi sauti, mkuu na suti yake. Misumari ililia ikitoka sakafuni. Nyumba ya baba wa kambo iliinama, ikasukumwa, paa likadondoka nyuma, na hakuna aliyegeuka kulitazama. Chini yake kulikuwa na mbao tupu zilizopakwa rangi, na kwa macho ya kawaida hapakuwa na mfuniko wowote. Mzee alikuwa amefanya kazi nzuri sana.

Inspekta alilala kifudifudi, akagonga kwa ngumi. Mara tatu, kisha moja, kama alivyousikia jana.

Walisubiri. Fundi sauti alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Hapakuja kitu.

"Toka, mama," mzee alisema, akamsukuma kwa bega. Alipapasa mbao kwa vidole, akapata alama asizoziona mtu mwingine, akachokoa lakiri ya kwanza kwa ncha ya bisibisi. Skrubu ikazunguka. Bisibisi ikateleza na kumchana kiganja. Mwalimu angeweza, fundi sauti angeweza, koplo alinyoosha mkono akasema mzee nipe, lakini mzee hakusikia, au hakutaka kusikia. Kengele alihesabu kwa sauti kwa kuwa ndiyo kazi yake. Tano. Sita. Ya tisa ilikuwa imeliwa kichwa, akaing'oa pamoja na kipande cha mbao. Mzee alikuwa akisema maneno kwa kasi, chini chini, na Inspekta aliyesimama karibu alisikia kwamba hakuwa anaomba dua. Alikuwa anamtukana aliyezifunga.

Kumi na sita.

Mfuniko uliponyanyuka ilitoka hewa ya moto yenye harufu ya vumbi na mkojo. Ngazi haikuwapo, ilikuwa imeshikilia pazia upande wa pili tangu Alhamisi. Kabla mtu hajaifuata, koplo alikaa ukingoni na tumbo lake, akatanguliza miguu, akajiachia. Walisikia kishindo, kisha tusi la mtu aliyeumia goti.

"Koplo!"

"Ngoja, afande."

"Koplo, sema!"

"Nasikia kama filimbi." Sauti yake ilipanda ghafla. "Ni kifua chake! Kinapiga filimbi! Anapumua, afande, leteni dawa, leteni dawa!"

Inspekta aliung'ata mfuko wa kielelezo kwa meno, lakiri na saini na tarehe yake, akaupasua, akamrushia kichupa.

Walimtoa kwa pazia, wamelifunga kama machela. Midomo ya Chiriku ilikuwa imepasuka na rangi yake ilikuwa ya majivu. Mkono wa kulia haukuachia kiatu chake kimoja. Kisigino cha kiatu kilikuwa kimelika kwa kugonga mpaka kubaki kama kizibo. Alikuwa amelala kwenye kona yenye ufa mdogo wa matofali, na ufa huo ndio uliompa hewa. Kifua kilipanda na kushuka. Dawa ilimwingia mara ya pili, mara ya tatu, na ile filimbi ikapungua.

Mchezaji mmoja nyuma, kwa furaha tu, alianza kupiga makofi. Wengine wawili wakafuata.

"Msipige!" Kengele alipiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake. "Msipige makofi! Tafadhali!"

Mikono ikabaki hewani. Mwalimu wa muziki aligeuka ukutani, akaegemeza kipara chake hapo, na mabega yakawa yanamtikisika.

"Gari la wagonjwa liko langoni," koplo alisema, simu sikioni, kutoka shimoni, ambako alikuwa amesahaulika. "Na yule kijana selo, afande?"

"Piga simu wamtoe. Wamwombe radhi."

"Wamwombe nini?"

"Nimesema radhi, koplo."

Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya pazia, kiganja kinavuja damu, hathubutu kumgusa mtoto. Chiriku alifumbua macho. Yalizunguka yakiumizwa na mwanga, yakampata. Midomo ikasogea. Inspekta alikuwa ameinama upande wa pili, karibu kuliko wote, na aliyasikia maneno yale moja moja.

"Mjomba," Chiriku alisema. "Nilikujibu."

Mzee aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Anasemaje?"

Hakuna aliyeinua macho.

"Nilikujibu kila mara," msichana alisema. "Nilikujibu."

"Mama, mimi sisikii. Anasemaje? Jamani, mtoto anasemaje?"

Inspekta alimtazama. Kisha aliinama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mzee, akasema kwa nguvu, kwa sauti iliyo thabiti kabisa:

"Anasema ana kiu!"

"Kiu," mzee alisema. Aliinuka, akapepesuka, akapata miguu yake. "Maji! Leteni maji jamani, mtoto ana kiu." Na akakimbia mwenyewe kuyatafuta, katikati ya wale watu waliovaa makoti ya zamani, waliompisha.